Tundu la Kutu

Rafiki yangu Thuo, muuza mitumba wa Gikomba, si mtu wa kutia chumvi. Mwaka ule wa njaa, themanini na nne, alitaka stesheni wagoni inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mpya ilimshinda bei, akaenda Kariokor kuangalia iliyotumika. Akaipima kama wapimavyo wenye kubeba marobota: akajilaza nyuma peke yake, muuzaji wa gari akafunga mlango, vioo vikazibwa kwa magunia, ili tundu la kutu lijionyeshe kwa mwanga.

Halikuwepo hata moja. Giza tititi. Thuo akagonga afunguliwe. Kitasa cha ndani hakikushika. Akagonga, akaita hadi koo likakauka.

Hatimaye muuzaji akafungua. Thuo akaruka nje akihema. "Mbona umeniacha, bwana?"

"Nilingoja mmalize kuongea," muuzaji akajibu, akaubamiza mlango.

Ndani, mtu akaanza kugonga.