Meza ya Mzee Cheche

Mtunza stoo ndiye aliyemkuta. Jumamosi asubuhi alifika karakana akakuta mlango umerudishiwa tu, akaingia huku akipiga kelele za mzaha kama kawaida yake, "Cheche, umelala au umekufa?" Kisha akamwona chini. Mzee Cheche alikuwa chali kando ya meza ya majaribio, viganja vyote viwili vimeungua, na mwili ulikwisha kuwa baridi.

Hapo mtunza stoo alifanya kosa. Badala ya kutoka nje na kuita watu, alikaa sakafuni akalia mpaka fundi cherehani wa jirani akamsikia. Polisi walipofika walimkuta palepale, na mtu anayekutwa peke yake na maiti huwa ameshahukumiwa nusu kabla hajaulizwa jina.

Inspekta aliyepewa kesi hiyo alikuwa mwanamke mnene, mzito wa kutembea na mzito zaidi wa kuamini. Kituoni walimwita Mama Tena, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza jambo mara moja likatosha. Alisimama kwenye mstari wa njano uliochorwa sakafuni kuizunguka meza, akaangalia kwanza, asiguse.

Karakana hiyo ilibuni na kutengeneza kile kiboksi cheusi cha kuwashia injini ambacho mafundi pikipiki wote wanakiita CDI. Juu ya meza palikuwa na matundu ya kuchomekea viboksi ili vijaribiwe kwa pamoja, na kimoja kilikuwa kimechomolewa nusu, kimekaa upande. Katikati kulikuwa na kapasita kubwa kama kopo la maziwa, yenye vichwa viwili vya shaba. Vichwa hivyo viliunganishwa na waya mwekundu wenye kibanio kila ncha.

"Huu waya ni wa nini?" aliuliza.

Aliyejibu alikuwa mkwe wa marehemu, mume wa binti yake wa pekee. Alikuwa mhandisi, kijana mtanashati, macho mekundu kwa kulia. Yeye na mkewe na Mzee ndio waliokuwa wakichora na kubuni mitambo yote pale.

"Kapasita ni kama pipa, Afande. Linajazwa umeme taratibu, kisha unamwagwa wote kwa mara moja kwenye koili, ndiyo cheche inapatikana kwenye plagi. Zile ndogo za kwenye pikipiki zitakurusha tu. Hii ya mezani inalisha viboksi vyote, hii inaua. Ukizima meza, umeme unabaki ndani kitambo kabla haujaisha wenyewe. Ndiyo maana tunaumwaga kwa kubana waya huu kwenye vichwa vyote viwili."

"Niambie tena. Kila mara?"

"Kila mara. Mkono unafanya wenyewe, wala hufikirii."

"Na jana Mzee alisahau?"

"Alikuwa na hasira jana," mkwe alisema. "Mimi niliondoka mapema. Nilimwacha na mtunza stoo, wanagombana."

Habari za ugomvi zilithibitishwa na fundi cherehani. Ijumaa alasiri alimsikia Mzee Cheche akimfokea mtunza stoo mpaka kuta zikaitika, kwamba kuna vitu vimepotea na kwamba asipovileta asirudi kazini. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi ya hapo. Mtu ametukanwa, ana ufunguo, amemsukuma mzee kwenye umeme. Mtunza stoo aliwekwa ndani siku hiyohiyo, na faili likaandikwa lipelekwe mahakamani Jumanne.

"Usinizungushe kwenye hii," Mkuu alimwambia Mama Tena. "Jumanne."

Mama Tena alikwenda mahabusu. Mtunza stoo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amekunja magoti pembeni ya ukuta. Viatu vyake vilikuwa vimechukuliwa.

"Nini kilipotea stoo?"

"Viboksi, mama. Vile vya toleo jipya, vilivyorudishwa na wateja kwa ubovu. Mzee alinipa nivifungie, alitaka kuvipasua Ijumaa aone vina nini. Nikafungua kabati, hamna kitu."

"Nani anaiba viboksi vibovu?"

"Ndilo nililomwambia! Nikamwambia, Cheche, nikiiba si nitaiba vizima? Akazidi kuwaka." Alitaka kucheka, akashindwa. "Nikaenda zangu nyumbani. Niliwaacha yeye na mkwewe. Nilijua asubuhi atakuwa ameshasahau, ndivyo alivyo. Alivyokuwa."

"Mkwe anasema yeye ndiye aliyetangulia kuondoka."

"Basi atakuwa anasema. Mimi na yeye, ataaminiwa nani?"

Kwa kweli alikuwa ameshaaminiwa mwingine.

"Ule waya mwekundu wa mezani, wewe uliugusa?"

"Mimi? Mama, mimi ule mstari wa njano siuvuki. Hata ufagio wangu unaishia hapo. Waya gani?"

Mama Tena alirudia swali mara nne, kwa njia nne, na mara zote alipata jibu lile. Alitoka pale akiwa na jambo moja linalomkereketa kama mwiba wa samaki. Kama waya ulikuwa umefungwa Mzee alipogusa, pipa lilikuwa tupu na asingekufa. Kama haukuwa umefungwa, basi nani aliufunga? Maiti haiinuki ikafunga waya ikarudi kulala.

Jumapili walimzika Mzee Cheche. Mama Tena alisimama nyuma ya watu, kisha akamfuata mdogo wake marehemu, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba alitaka karakana iuzwe na kwamba ndugu hao hawakuwa wanasalimiana. Mtu wa namna hiyo humfaa sana mpelelezi mvivu.

"Ndiyo, nilitaka iuzwe," alisema bila kuulizwa mara ya pili. "Na sikumuua kaka yangu. Ijumaa nilikuwa safarini, kaulize. Pale karakana kwenyewe nilikuwa siendi. Kelele tu. Mmoja anazima meza anapiga ukelele 'tupu!', mwingine anaingiza mikono. Kutwa nzima tupu, tupu, kama kasuku. Nikawa nawaambia, siku moja kasuku atakosea."

"Niambie tena hilo la tupu."

Akamwambia tena, akishangaa kwa nini mwanamke huyu mnene ameacha kutembea.

Mama Tena alimkuta binti wa marehemu jikoni, amesimama mbele ya sinki lenye maji na vyombo, haoshi. Ijumaa jioni alikuwa hospitali na mama yake, aliyefanyiwa upasuaji wa macho. Nesi wa zamu alikwisha kulithibitisha. Mumewe aliwafuata huko giza likiingia.

"Alikuwaje?"

"Alikuwa amechoka. Alinawa mikono muda mrefu." Akageuka. "Kwa nini unaniuliza mume wangu alikuwaje?"

"Nauliza kila mtu alikuwaje," Mama Tena alisema, akajichukia kidogo, maana alianza kuona mwisho wa njia na hakuupenda.

Jumatatu mchana aliwaita wote watatu karakana: mdogo mtu, binti na mkwe. Askari wawili walisimama mlangoni. Mvua ilikuwa inanyesha na bati la karakana lilipiga kelele, ikabidi kila mtu apaze sauti kidogo. Kile kiboksi kilichochomolewa nusu kilikuwa bado mezani. Waya mwekundu ulikuwa umetolewa, umelazwa kando. Meza ilikuwa imekatwa umeme na fundi wa serikali tangu Jumamosi, ila hilo Mama Tena hakulisema.

"Nahitaji hicho kiboksi," alimwambia mdogo mtu. "Nisaidie."

Mdogo mtu alivuka mstari, akapeleka mkono moja kwa moja. Binti alipiga ukelele, "Baba mdogo, usiguse!" na mkwe alimvuta kwa shati kwa nguvu hata kifungo kikaruka.

"Basi wewe, mwanangu," Inspekta alimwambia binti.

Binti alisogea. Akauchukua waya mwekundu, akabana kichwa kimoja cha shaba, akabana cha pili, akasubiri, ndipo akanyoosha mkono.

"Mbona umefunga waya?"

"Waya gani?" Binti aliangalia mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine. "Ah. Mazoea."

"Ndiyo. Mazoea. Jumamosi asubuhi waya huo ulikuwa umefungwa, juu ya kapasita iliyomuua baba yako. Mtunza stoo hajui hata waya huo unafanya kazi gani. Baba yako mdogo tumemwona sasa hivi. Aliyeufunga baada ya Mzee kuanguka ni mtu ambaye hawezi kuisogelea meza hii bila kuufunga. Angeuacha, umeme ungejiishia wenyewe kabla ya asubuhi, na mimi leo ningekuwa namwandikia mtu wa stoo miaka yake jela. Mkono wake ndio uliomponza."

Mkwe aliutazama waya, maji ya mvua yakimchuruzika bado kutoka kwenye nywele.

"Lakini baba naye asingegusa bila waya," binti alisema. "Hata awe na hasira vipi. Labda aambiwe tupu."

"Aambiwe na nani?"

"Yeyote anayefanya kazi hapa. Si yeyote. Alikuwa hamwamini mtu kwa hilo, isipokuwa mimi na..."

Hakumalizia. Hakumtazama mumewe pia. Alitazama meza.

Mama Tena alizungumza kwa upole, ingawa upole haukuwa wa kumsaidia mtu pale. "Viboksi vilivyopotea stoo tumevikuta asubuhi hii kwenye buti la gari lenu. Fundi wa serikali amepasua kimoja. Anasema injini inapowashwa huwa inazunguka taratibu, na cheche inatakiwa ichelewe. Viboksi hivi vikipata joto vinadhani injini iko mbioni, vinapiga cheche mapema. Piga kiki kwa mguu uwashe, kiki inarudi na nguvu ya injini nzima. Wateja watatu wamevunjika miguu. Mchoro ni wa nani?"

"Wangu," mkwe alisema.

Sauti yake haikuwa ya mtu anayebishana tena. "Baba aligundua kabla hata ya kuvipasua. Nilivificha nipate muda tu. Ningerekebisha, ni kosa dogo, ni sehemu moja tu. Nilimwomba wiki mbili. Kampuni kubwa ilitaka kunichukua kwa ajili ya mchoro ule ule. Akasema mguu wa mtu hausubiri wiki mbili. Akasema Jumamosi atawapigia wateja wote, na ataeleza ni kazi ya nani, kwa sababu yeye hajawahi kuficha kosa na hataanza na la mkwewe."

"Kisha?"

"Meza ilikuwa inafanya kazi. Akaniambia, zima, nitoe hiki nikuonyeshe. Nikazima. Akauliza, tayari? Sikupanga, Afande. Waya nilikuwa bado sijaufunga, na neno 'tupu' lilitoka tu."

"Halikutoka tu," binti alisema. Hakupaza sauti, na bado bati lote halikumzuia kusikika. "Umelisema mara elfu, hujawahi kukosea."

"Nilitaka kumwinua. Nilifunga waya ili nimguse, nijue kama..."

"Ili usife wewe."

Mkwe alifumba macho. Mdogo mtu alikuwa ameshika ukingo wa kabati, mtu aliyekosana na kaka yake kwa miaka na sasa hana wa kupatana naye. Askari walimfunga mkwe pingu. Alipopitishwa mbele ya mkewe alisema jina lake la nyumbani, lile walilolijua wawili tu, na binti akageuza uso kama mtu aliyepigwa kofi.

"Mama bado macho yamefungwa bandeji," alimwambia Inspekta, wawili hao wakiwa wamebaki peke yao. "Tangu juzi huyo mliyemfunga ndiye anayemshika mkono kumpeleka msalani. Anamwita mwanangu. Nitamwambiaje?"

"Mwambie wewe, leo, kabla hajaambiwa na watu," Mama Tena alisema. Lilikuwa jibu la kweli na halikuwa na faida yoyote. Binti alifuta uso, akaenda kwenye simu ya ukutani kwanza, akaanza kuwapigia wateja, mmoja mmoja, akiwaambia wasiziguse zile pikipiki. Katika kila simu alieleza ni kazi ya nani.

Mkuu wa kituo alisaini karatasi za kumwachia mtunza stoo bila kuinua kichwa. Mama Tena alikwenda mwenyewe kumfungulia, akampelekea viatu vyake na kumweleza ni nani aliyekamatwa. Alidhani mtu atashukuru, au atatukana, na alikuwa tayari kwa yote mawili.

Mtunza stoo alivaa kiatu kimoja, akasita.

"Cheche mmemzika?"

"Jana."

Alibaki ameshika kile kiatu cha pili mkononi. Alikuwa amefanya kazi na yule mtu tangu wote wawili wakiwa hawana mvi.

"Watu walikuwa wengi?"

"Wengi sana."

"Afadhali." Akavuta pumzi. "Na jeneza? Mbele alibeba nani? Tulikwisha kuambiana, mimi na yeye, atakayebaki atabeba mbele."

Mama Tena alikuwa amesimama makaburini Jumapili na alikuwa ameona vizuri. Angeweza kusema hakumbuki. Lakini mtu huyu alikuwa ameshadanganywa vya kutosha.

"Mkwe wake," alisema.

Mtunza stoo alikaa chini palepale mahabusu, mlango ukiwa wazi mbele yake, na ilichukua muda mrefu kabla hajaweza kutoka.