Shahidi Hajatoka

Mimi niko agronome, mutaalamu wa mimea ya shamba, na habari za wachawi zilikuwa zimenichosha. Kila mwaka muhogo ukijikunja majani, watu wa Bunia wanatafuta nani ameroga. Nzi weupe wanabeba virusi kutoka jani mupaka jani, mbele ya macho yao, lakini hapana! Lazima iwe mama muzee.

Jioni moja nilikuwa natoka kununua makala ya kupikia, narudi nyumbani katika mutaa wa Bigo, na Félicité, jirani yangu, akanishika mukono. Alikuwa analia.

— Dada Scholastique, wanataka kuchoma nyumba ya mama, wanasema ameroga muhogo. Wamesema jua likizama tu. Kimbia na vile vikaratasi vyako vya kupima.

Mama yake ni mama Gertrude, yule aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila siku wakati nilikuwa mugonjwa. Sikuuliza kingine. Nilibeba sakoshi ya kazi, ndani vikaratasi viwili tu.

Katika shamba la mama Gertrude, kando ya nyumba yake, tulikuta wanaume tisa. Harufu ya petroli ilinifikia mbele sijaona sura zao. Mumbere alikuwa wa kwanza, na bidoni ya petroli mukononi.

— Mumbere! nikasema. Weye shuleni ulikuwa unakimbia masomo ya biolojia, leo njo umekuwa daktari wa muhogo?

Wawili walicheka. Mumbere hapana.

— Pima, akasema. Ukikosa ugonjwa, basi ni yeye.

Nilichuma jani lililojikunja, nikalisaga katika mufuko mudogo wa plastiki pamoja na maji ya dawa, nikatumbukiza karatasi. Nikawaeleza: virusi ikiingia ndani ya jani inatengeneza protini yake, ambayo jani bila ugonjwa halina. Karatasi inaikamata, na mustari mwekundu unatoka chini. Lakini juu kuna mustari mwingine. Ule lazima utoke kila mara, kuonyesha kama karatasi inafanya kazi. Usipotoka, kipimo ni bure. Kwa Kifaransa tunauita *témoin*.

Tulingoja. Jua lilikuwa juu ya vilima, linashuka.

Mustari wa chini ukatoka, mwekundu kabisa! Félicité akasema, "Asante Yesu."

Wa juu... hapana.

Nikaweka karatasi ya pili. Vile vile.

— Iko nini? Mumbere akauliza.

Nilikuwa na hasira. Nikatafsiri tu lile neno *témoin* bila kufikiri.

— Shahidi hajatoka! nikasema kwa nguvu. Bila shahidi haifai. Tumungoje atoke.



Mama Gertrude akatoka ndani ya nyumba, akanivuta pindo la kikwembe.

— Mutoto yangu, akanong'ona, usiite shahidi hapa. Vita ilipita katika hii shamba... Siye hatuchimbaka chini sana.

Majani yakaanza kutikisika. Upepo haukuwa.

Harufu ya udongo, udongo uliochimbwa sasa hivi, ikafunika ile ya petroli.

Tsss... tsss...

Mutu alikuwa anatembea katikati ya muhogo, pole pole, bila viatu. Kisha tukasikia sauti. Ya mwanaume, ya heshima, kama ya mutu anabisha hodi ofisini.

— Nimefika.

Hatukuona mutu.

— Mama huyu hana kosa. Sasa muniulize ile niliona.

Yesu wangu, niliogopa! Nilingoja mumoja aulize. Wanaume tisa waliinamisha vichwa. Vita imeisha, tunasalimiana sokoni, tunapeana amani kanisani, lakini kila nyumba inalala bado na viatu kando ya mulango, tayari kukimbia. Hakuna mutu aliuliza.

— Muniulize.

Karibu zaidi.

Bidoni ikaanguka. Wakakimbia wote, Mumbere mbele. Niliponyanyua karatasi, mustari wa juu ulikuwa umetoka. Pengine dawa ilikuwa imezeeka, ikachelewa. Inafanyikaka. Najiambia vile kila siku.

Nyumba ya mama Gertrude iko imesimama mupaka leo. Hakuna mutu anamugusa tena, hata kumusema vibaya hapana. Nilifurahi sana.

Lakini siku ya Mungu, nyuma ya misa, Mumbere alinivuta pembeni.

— Siye tulikimbia, weye ulibakia, akanong'ona. Alisema jina yangu?

Nikasema hapana, ile sauti haikutaja jina ya mutu. Kesho yake akaja mwingine. Kisha mwingine. Walikuja wote tisa, mumoja mumoja, na swali lile lile, na kila mara nilijibu hapana. Nikafikiri imeisha.

Jana jioni aliingia Dominique, kaka yangu mukubwa, yule alinilipia masomo yote. Alifunga mulango nyuma yake. Alikaa kitandani, anachezea kofia yake, hataki kuniangalia.

— Scholastique... akasema. Alisema jina yangu?

Dominique hakukuwa kule shambani.