Koki ya Baridi

Koki ya baridi ilitoa maji ya vuguvugu. Felisita alikinga kiganja akashangaa, maana moto haukuwa umewashwa tangu jana, na koki ya moto ilikuwa imefungwa. Maji yalikuwa na joto la mate.

"Jua limepiga bomba," alisema mumewe, Mashimba, bila kugeuka.

Bomba lilifukiwa ardhini. Lakini Felisita alimwamini, na kwa nini asimwamini? Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipomwagika Bariadi na malori yao, Mashimba alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba cha ushirika, na watu wakasema kwisha habari yake. Yeye akageukia kupika pombe, akachimba kisima nyuma ya nyumba, akafunga pampu ya mkono, akapandisha maji kwenye pipa lenye kokoto, mchanga na mkaa yachujike. Kutoka hapo akatoa mabomba mawili: moja likapitia pipa la juu ya mafiga, jingine likaja jikoni moja kwa moja. Wapika pombe wenzake walikuwa wakiteka ndoo mpaka migongo inawauma, yeye anafungua koki tu. Pombe yake ya mtama ikasifiwa mji mzima. Alijidai sana, na mimi simlaumu.

Kisha bomba likaanza kumeza. Felisita akifunga koki, lilivuta ndani, likaguguma, likanyamaza. Mchana mmoja, kimea kikiwa juani na yeye peke yake jikoni, harufu ya ubani ikajaa nyumba ambayo haijapata kuwa na ubani, bomba likaguguma kama koo la ng'ombe anywaye, koki ikajizungusha yenyewe taratibu, na badala ya maji ikatoka pumzi ya moto, na ndani ya pumzi ile sauti nyororo, isiyo ya kiume wala ya kike, ikamwita jina ambalo hakuitwa tangu utotoni: "Kwandu. Kwandu, mke wangu, unakuja lini?" Akakimbilia uani kabla ulimi wake haujaitika.

Jina hilo alipewa na bibi yake alipougua surua. Bibi akaagiza lisitamkwe nje, kwani mwenye kulijua akimwita nalo, lazima aitike. Bibi alishakufa, mama naye. Aliye hai akilijua alikuwa mmoja tu. Felisita alimnong'oneza usiku wa harusi, kwa mapenzi.

Akamwita Milembe, mganga wa Lagangabilili.

"Mwadila, mayu," Milembe alimsalimu Felisita kwa Kisukuma, akimwita mama, akatega sikio kwenye bomba. Halafu akamgeukia Mashimba. "Kisima chako kilikuwa kikavu, baba. Huyu jini ulimpa nini akakutolea maji?"

Mashimba akaanza kulia. "Nilichimba mpaka viganja vikachubuka. Watu walikuwa wananicheka. Akataka jina tu, mayu. Jina tu."

"Si ungempa lako?" Milembe akauliza.

Jini alimtisha Felisita, lakini huyu aliyelala naye kitanda kimoja ndiye aliyemuumiza.

"Aliyelitoa ndiye wa kulirudisha," alisema Milembe kwa sauti ya chini. "Mtajie lako. Ataondoka na maji yake, nawe utaugua, lakini utapona. Usipofanya hivyo, jua likizama anamchukua huyu."

Felisita akamshika mkono mumewe, pamoja na yote. "Nitakuuguza mwenyewe," akanong'ona. "Pombe nitapika kwa maji ya ndoo. Sema tu, mume wangu."

Mashimba akapiga magoti mbele ya koki. Akayatazama mabomba aliyoyakata na kuyaunga kwa mikono yake, akalitazama pipa la kuchujia, akawasikia wateja uani wakicheka na kuulizana fundi mwenye nyumba yuko wapi. Kwa mkewe hakugeuza macho. Akasogeza mdomo mpaka midomo yake ikagusa chuma, akafumba macho, akatamka wazi, bila kigugumizi:

"Kwandu."

Felisita akauziba mdomo wake kwa mikono miwili. Haikusaidia.

"Abee," akaitika.