Nimeshiba, Asante

Munira Mfaume aliamka saa kumi na moja alfajiri, kama kila siku. Alioga, akapiga pasi sketi yake nyeusi, ile ile ya jana. Mama yake, Bi Salma, alimjazia hotpoti ndogo mihogo ya nazi na samaki wawili wa kukaanga, vibua. Nyumba yao ipo Tandika, Temeke. Baba alikuwa kuli bandarini mpaka mgongo ulipomkatalia. Sasa anashinda barazani, na kila anayepita anaambiwa, "Binti yangu yuko kwa mawakili."

Kweli alikuwa huko. Alimaliza chuo cha sheria, na ofisi moja ya mawakili Kinondoni ikampokea kwa mafunzo ya miezi miwili. Walikuwa wawili, yeye na kijana aitwaye Fransis. Mmoja wao angebakizwa kazini. Munira aliitaka nafasi hiyo mpaka akakosa usingizi. Ofisi tatu zilikuwa zimeshamkataa.

Basi alichapa kazi, jamani. Alisoma majalada ya kesi, akaandika muhtasari safi wa kila moja. Lakini aliupelekaje? Aliuweka mezani kwa wakili kabla mwenyewe hajafika, akakimbilia kwenye kona yake. Hata jina hakuandika. Akikutana na mtu kwenye korido, mkubwa au mdogo, aliinama. "Shikamoo." Halafu huyo, ameshapotea.

Saa saba mchana ofisi nzima ilikula pamoja kwenye meza ya jikoni.

"Munira, karibu."

"Asante, nimeshiba."

Ameshiba nini, na tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni? Mama alimfundisha kwamba msichana mwenye adabu hakimbilii chakula cha watu. Tena aliionea aibu mihogo yake mbele ya biriani lao. Kwa hiyo alikula ngazini, peke yake, haraka haraka.

Jumatano ya wiki ya saba, Lulu wa mapokezi alimkuta pale ngazini. Lulu alikuwa na miaka kumi katika ofisi ile, na hakuna jambo lililompita.

"Munira, nikwambie ukweli au nikufiche?"

"Niambie tu, dada."

"Jana mawakili walikaa kikao. Nafasi amepewa Fransis."

Munira aliweka kijiko chini. "Kazi zake zina makosa. Mie ndiye niliyekuwa namsahihishia."

"Sasa nani alijua? Mwenye ofisi, Mzee Taiyeb, aliuliza, 'Huyu Munira nani anamjua?' Watu wakatazamana. Wakili Farheen akasema, 'Ni yule anayejitenga. Nadhani anaringa.'"

Anaringa. Yeye, wa mihogo ya ngazini. Munira alilia mpaka mtandio ukalowa.

"Mie naringa nini, dada Lulu? Nilikuwa naheshimu watu tu."

"Heshima gani kumpa Farheen shikamoo? Amekuzidi miaka minne, unamfanya bibi yako. Msalimie mtu, halafu simama dakika moja. Mwambie jina lako na kazi uliyoshika. Muulize kesi yake inaendaje, watu wanapenda kuulizwa kazi zao. Muhtasari mpe mkononi, mwombe akuonyeshe ulipokosea. Na ukikaribishwa chakula, kaa. Pale mezani ndipo watu wanapojuana."

"Si kujipendekeza huko?"

"Kujipendekeza ni kumsifia mtu uongo ili akupe kitu. Wewe unawajulisha kwamba upo."

"Nimebakiza siku saba. Na nafasi imeshakwenda."

"Imekwenda," Lulu alikubali. "Sikudanganyi."

Jioni baba aliuliza, "Vipi kwa mawakili?" Munira alijibu, "Salama." Alitamani asirudi tena kule.

Lakini alirudi. Saa saba aliingia jikoni, akasukuma hotpoti katikati ya meza. "Karibuni mihogo."

Farheen alichukua kipande, akachukua na kingine. "Nani kapika?"

"Mama yangu." Munira alimgeukia. "Dada Farheen, muhtasari wa ile kesi ya kiwanja niliuandika mimi. Naomba unionyeshe nilipokosea."

Farheen aliacha kutafuna. "Ule ni wako? Miye nilidhani ni wa Fransis."

Fransis alitazama sahani yake. Lakini barua yake ya kazi ilikuwa imeshasainiwa, na haikufutwa. Munira aliendelea kula mezani na wenzake kila mchana hadi mwisho wa mafunzo. Siku ya kuondoka aliaga mtu mmoja mmoja, akaomba namba za simu. Kesho yake alimtumia kila mmoja ujumbe wa kushukuru.

Halafu kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Barazani, baba aliacha kuwaambia wapita njia habari za mawakili. Hilo lilimuuma Munira kuliko yote.

Wiki ya nne simu iliita. Alikuwa Farheen.

"Munira, kuna wakili Buguruni, Sadallah, anatafuta msaidizi. Kaniuliza kama kuna mtu namjua. Nimemwambia namjua mmoja. Ni majaribio ya miezi mitatu tu. Utakwenda?"

"Nitakwenda, dada."

Jumatatu alfajiri Bi Salma alichukua hotpoti ndogo, kama zamani. Munira aliirudisha kabatini. Akatoa ile kubwa, ya sikukuu ya Idi.

"Jaza hii, mama. Kule sijui wako wangapi."