Mwizi Aliyeosha Trei

Alhamisi saa moja asubuhi, chumba cha baridi cha Kanisa la San Isidro kilikutwa hakina nyama. Trei mia moja na arobaini za kuku na madumu thelathini ya maziwa, vyote vimetoweka. Nje, foleni ya familia mia mbili ilikuwa imeshazunguka kona.

Inspekta Consuelo Arreguín alichuchumaa mlangoni. Kitasa kilikuwa kizima. Alama za vidole zilikuwa tele, maana nusu ya parokia huushika mlango ule kila wiki. Ndani, mwizi alikuwa ameacha mikate, karoti, na kreti nne za parachichi zilizoiva vizuri.

"Padre, mwizi gani wa mji huu wa Las Moras anaacha parachichi?"

"Usinitanie, Inspekta," alisema Padre Leandro, uso umempauka. "Duka kubwa linalotuletea chakula likisikia hatujui kukilinda litavunja mkataba. Wale walioko nje watakula nini?"

Tangu kanuni za manispaa zibadilike, maduka makubwa hayakuruhusiwa tena kutupa chakula kinacholika. Sharti yawape watu wanaokigawa kwa wahitaji, na kila kilo iandikwe. Kisicholika kiende kwenye pipa la kijani, kikawe mbolea. Kanuni nzuri, ikiwa mikononi mwa watu wema. Lakini Consuelo alikuwa binti wa mchumaji wa mboga mashambani. Baba yake alivunjika mgongo kwa jembe la mpini mfupi, jembe ambalo wenye mashamba waliapa halimdhuru mtu, mpaka siku lilipopigwa marufuku. Hakusahau ni nani walioapa. Wenye mashamba wale walikuwa na wajukuu, na wajukuu walikuwa na maduka.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Wangu na wa Doña Hermelinda."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Fresno, kwa askofu. Niliondoka asubuhi, nikarudi jioni."

"Na mzigo uliletwa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Doña ndiye aliyeupokea na kuutilia saini, kama kawaida."

Doña Hermelinda Tafoya alikuwa uani, aproni kiunoni, akigawa mikate. Bibi wa miaka sabini na minne, ambaye wote walimwita Doña kwa heshima. Ndiye aliyemfundisha Consuelo katekisimu. Siku hizi aliwafundisha waumini kutenganisha taka, kwa ukali uleule. Ukitupa ganda la ndizi na kile kibandiko chake cha plastiki, anakutaja kwa jina mbele ya watu.

"Wewe Chayo! Mkate mmoja, si miwili. Una watoto wawili, siyo kikosi cha jeshi!"

"Doña, na mume wangu je?"

"Mume wako ale karoti, apunguze tumbo!"

Foleni ilicheka. Doña hakucheka. Alipomwona Inspekta aliinamisha macho, akaendelea kugawa.

Wakati huohuo Chue Lor, mkaguzi wa mapipa wa manispaa, aliingia uani na kizibao chake cha kung'aa. Kazi yake ni kufunua vifuniko siku moja kabla ya lori kupita, na kuwabandikia onyo waliochanganya taka.

"Inspekta, nasikia mnatafuta kuku. Njoo."

Walipita kichochoro cha nyuma ya kanisa. Chue alifunua pipa la kijani la nyumba ya kwanza. Kuku mtupu, vipande vibichi juu ya majani makavu. La pili, kuku. Mapipa manane.

"Wenye nyumba wanasema hawajui kitu, nami nawaamini," alisema Chue. "Lakini tazama. Umeona plastiki?"

"Sijaona."

"Wala mimi. Miaka mitatu nafunua takataka za watu. Nimekuta nepi, betri, meno ya bandia. Mapipa safi kama haya sijawahi kuona! Natamani nimpe huyo mwizi cheti."

"Trei zake ziko wapi?"

Chue alifunua mapipa ya buluu, ya plastiki na vyombo vya kutumika upya. Trei zilikuwa zimepangwa moja ndani ya nyingine. Consuelo aliinua moja, akainusa. Sabuni ya limau. Lebo ilikuwa imebanduliwa yote, hata gundi imesuguliwa. Madumu ya maziwa yalikuwa yamesuuzwa, vifuniko pembeni.

Mwizi ana haraka. Mwizi huyu alikuwa amesimama saa nyingi kwenye sinki, akiosha trei mia moja na arobaini, kwa sababu mikono yake haikuweza kutupa trei chafu.

Consuelo alifunga kifuniko polepole. Alimjua mtu mmoja tu wa namna hiyo.

Yeye na Doña Hermelinda walikutana jikoni mwa kanisa. Chupa ya sabuni ya limau ilikuwa palepale kwenye sinki, karibu tupu.

"Doña, kabla hujasema lolote. Una haki ya kukaa kimya, na ya kuwa na wakili."

"Mwanangu, mimi nilikufundisha kuungama. Unadhani sijui namna?"

"Wewe ndiye uliyetoa ile nyama?"

"Mimi. Safari nane kwa kitoroli. Pipa la kanisa lilikuwa limejaa."

"Kwa nini?"

Doña alishusha kalenda ya parokia ukutani, akaigeuza. Nyuma ilikuwa imebandikwa lebo, safu kwa safu, mbilimbili.

"Mzee wetu Don Abundio unamkumbuka?"

"Alikuwa kundi moja na baba yangu, shamba la saladi."

"Alikufa wiki tano zilizopita. Tumbo. Hospitali walisema ni uzee. Nilikwenda kusafisha nyumba yake, nikaosha trei ya kuku niliyompa mwenyewe, kwa mkono huu. Maji ya moto yakabandua lebo. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine. Tarehe yake ya mwisho ilikuwa siku tisa nyuma ya ile ya juu."

Consuelo alisoma safu ya kwanza, kisha ya pili. Tisa. Kumi na moja. Nane.

"Duka linawaletea nyama iliyooza?"

"Iliyooza ni ya pipa la kijani. Lakini wakiipeleka huko inahesabika taka, na manispaa inawauliza. Wakituletea sisi inaitwa sadaka, wanapigwa picha. Sisi ndio pipa lao, binti yangu."

"Ungeukataa mzigo."

"Tukikataa mara tatu mkataba unakwisha, na mikate inaondoka nao. Nilimwambia Padre, akasema tuombe. Nikaiandikia manispaa. Wakanijibu mistari miwili, kwamba duka linafuata kanuni, stakabadhi zote zimetiwa saini." Aliugeuza mkono wake wa kuume, akautazama. "Saini yangu, Consuelo. Dereva ananiharakisha, gari linanguruma, naandika jina langu. Hata ya kuku wa Abundio niliitia mimi. Jana walipoleta nyingine, nilisema hii haitafika mezani kwa mtu."

Nje, mtu alicheka kwenye foleni. Consuelo aliweka kalamu mezani.

"Padre akiondoa malalamiko yake, nafunga jalada leo. Hakuna atakayekugusa."

"Na Jumatano ijayo, mzigo mwingine ukija?"

Consuelo aliitazama ile kalenda.

"Nakuuliza wewe, askari. Barua yangu walijibu mistari miwili. Ukinishtaki watajibu mingapi?"

"Wakikushtaki, hii kalenda inakuwa kielelezo. Wakili wako anaweza kumwita meneja wa duka aape mbele ya hakimu. Na mtu wa manispaa pia." Alimtazama usoni. "Lakini Doña, wewe ndiye utakayekaa kizimbani. Wanaweza kukufunga."

"Abundio yuko wapi sasa hivi?"

Consuelo aliichukua kalamu tena.

"Basi nishtaki. Na usinipunguzie hata dumu moja la maziwa. Andika trei mia moja na arobaini."

Consuelo aliandika kurasa tatu. Padre Leandro alisimama mlangoni, akasikia yote, akaondoka kwenda kuwagawia watu parachichi.

Kurasa zilipokwisha, Inspekta alimsogezea kalamu.

"Tia saini hapa chini, Doña."

Bibi alikausha mikono kwenye aproni. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akarudi ukurasa wa kwanza. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno. Consuelo hakumharakisha. Alisoma mpaka mwisho, kisha akaandika jina lake.