Kifaa Kilichovishwa Nailoni

Kila asubuhi kabla ya kengele, Levina alikuwa wa kwanza kufika nyuma ya jiko la shule yao, kule Ipuli, Tabora. Hapo ukutani kilining'inia kifaa cheupe cha kupima hewa. Kilivuta hewa, kikahesabu chembe za moshi na vumbi zisizoonekana kwa macho, kisha namba zikaenda kwa wataalamu mjini. Darasa zima la sita liliitamani kazi ya kukitunza, lakini Mwalimu Adriano alimchagua Levina kwa usafi wake. Basi binti wa watu akavimba kichwa!

Kero ilikuwa masizi. Alifuta leo, kesho kifaa kikawa cheusi tena. Nyumbani kwao rimoti ilikaa ndani ya nailoni, na redio ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Levina naye akakivisha kifaa nailoni, juu yake akaweka kitambaa. Kikapendeza kama biharusi.

Ijumaa, paredini, Mwalimu Adriano alitangaza, "Wataalamu wanasema namba zetu zimeshuka sana. Hewa yetu ni safi! Lile bomba la kutolea moshi tulilokuwa tujengewe jikoni sasa litapelekwa shule nyingine. Mpigieni Levina makofi!"

Levina alitabasamu mpaka gego la mwisho. Mara kikohozi kikasikika jikoni. Mama Eustadia, mpishi wa shule, akatoka akijifuta machozi kwa kanga. Levina akajiuliza: Hewa safi gani inayomliza mtu? Akisema, sifa zote zitamtoka. Akinyamaza, Mama Eustadia ataendelea kukohoa. Akajikaza, akaenda mbele.

"Mwalimu, hewa si safi. Kifaa nilikifunga nailoni ili kisichafuke."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Levina akatamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu Adriano hakucheka. Alimpeleka nyuma ya jiko, akamwacha aivue nailoni mwenyewe. Namba kwenye kioo cha kifaa ikapanda, ikazidi kupanda. Levina hakuwa amewahi kufurahia namba mbaya kiasi kile.

Kabla ya muhula kwisha, bomba likasimama juu ya paa la jiko. Mama Eustadia akamwita Levina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani alikwambia kifaa kinavaa nguo?" Wote wawili wakacheka. "Kazi yake ni kuusema moshi ulivyo, siyo kupendeza. Nawe siku ile ulisema ukweli ulivyo, ingawa ulikunyang'anya makofi. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kukabidhiwa kazi."

Levina akakitazama kifaa chake chenye masizi. Fahari aliyoisikia ilizidi ile ya paredini.