Sanduku la Baridi

Mwenye kompyuta, izime kwanza ndipo usikilize. Nitakungoja.

Basi mtu mwenyewe ni Baba Kidoti, fundi wa kuchora majumba ambayo bado hayajajengwa. Wahandisi humletea ramani, naye huigeuza kwa kompyuta kuwa sinema: unaingia mlangoni, unapanda ngazi, unaona hadi mapazia. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye kona ya sebule. Upande wa pili wa ukuta alilala binti yake wa pekee, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi juu ya mdomo. Siku moja mkewe alipita na ufagio, akaliegemea sanduku la kompyuta, akautoa mkono haraka.

"Baba Kidoti, mbona hii kitu ya baridi?"

"Si ndiyo vizuri?"

"Imewaka tangu asubuhi. Siku zote ukipita hapa ni kama jikoni."

"Ufundi huo, mke wangu. Mume wako si wa mchezo."

Alicheka, lakini kucheka kwenyewe kulikuwa kwa mdomo tu. Kwenye skrini, kipimo cha joto la prosesa kilisema thelathini na saba, na hakikuwa kikisogea, afanye kazi nzito asifanye.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa kasi yake. Baba Kidoti hakuridhika na kasi hiyo. Wiki chache kabla ya siku hiyo, kampuni moja ya ujenzi ilikuwa imempa sinema ya hospitali nzima, na wakamwambia wazi kwamba ikiwa tayari kwa wakati, kazi ya kudumu ni yake. Akaanza kuipandisha prosesa kasi, hatua kwa hatua. Mashine ikagoma. Mara inaganda, mara inajizima na kujiwasha, mara skrini nzima inageuka bluu na kazi ya kutwa imekwenda na maji. Alihangaika nayo jamani! Akaiongezea umeme kidogo. Akabadilisha feni. Akaifuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Akachomoa vijiti vya kumbukumbu, akavijaribu kimoja kimoja. Wapi! Ilikuwa na ukaidi wa punda aliyefika katikati ya barabara.

Magharibi moja ikamzimikia tena. Baba Kidoti akaiwekea kiganja, akaibembeleza, kama wafanyavyo mafundi wote wakiishiwa maarifa.

"Tulia, mama. Wewe tulia tu, nami sikunyimi kitu. Humu ndani chukua unachotaka."

Mashine ikajiwasha yenyewe. Tangu hapo haikuzima tena, na feni ikaacha kuvuma.

Kidoti alianza homa kesho yake. Hospitali wakampima damu, mkojo, kifua, kila kitu safi. Wakampa dawa ya kutuliza, ikatuliza kidogo, kisha mchana homa ikapanda tena. Asubuhi, kabla baba yake hajakaa mezani, mtoto alikuwa anataka uji na kuuliza habari za shule. Ikifika mchana anawaka. Na chumba chake kikaanza kutoa harufu ambayo Mama Kidoti aliosha mashuka na kudeki sakafu asiweze kuiondoa, harufu ya nywele zilizoungua.

"Hunisikii nikikwambia kuna kitu?" mama akanong'ona mlangoni.

"Homa ya watoto hiyo. Itashuka."

"Anaongea usingizini. Anasema, 'Baba, usiongeze.' Unaongeza nini, Baba Kidoti?"

Asubuhi ile ile Baba Kidoti alikuwa amepandisha hatua nyingine.

Ilikuwa alasiri, jua kali, mama ametoka kwenda duka la dawa. Baba Kidoti akafungua ile programu ya kuitesa prosesa, inayoifanyisha kazi yote kwa nguvu zote ili fundi aone kama itahimili. Akabonyeza. Mashine ikabaki kimya, kipimo kikabaki pale pale, thelathini na saba, na papo hapo upande wa pili wa ukuta Kidoti akapiga ukelele. Baba akaisimamisha programu. Ukelele ukakatika, ukakatika kama redio iliyochomolewa, na katika ule ukimya akasikia pumzi, pumzi nzito za mtu mzima, zikitoka ndani ya sanduku pale feni ilipopaswa kuvuma.

Sasa, mzazi mwingine yeyote angeng'oa waya ukutani akakimbilia kwa mwanawe. Lakini fundi wa kompyuta amefundishwa na kazi yake kwamba kosa lililotokea mara moja si kosa bado, lazima ulirudie, uhakikishe. Huku anajiambia moyoni Mungu nisamehe, nijue tu, nijue tu nikiwa na hakika, Baba Kidoti alinyoosha kidole kile kile akabonyeza tena, na mwanawe akalia tena, safari hii akimwita yeye, baba, baba, baba, hadi mkewe akaingia na mfuko wa dawa mkononi akamkuta mumewe amekaa kitini anasikiliza.

Mfuko ukaanguka. Mama Kidoti alimtazama mumewe kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa tangu waoane, akaenda kumbeba mwanawe.

Jioni ile akaja shangazi yake Baba Kidoti, mwanamke mnene wa maneno makali, anayejulikana kwa kusema na wasioonekana. Alilizunguka sanduku, akalinusa.

"Hili ndilo linalokulisha?" akauliza. "Mbona limenenepa kuliko wewe?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi akaingia chumbani, akakaa kitandani, akamshika Kidoti kisigino. Mtoto alikuwa anachoma, midomo imepasuka.

"Hodi," shangazi akasema taratibu.

"Nilishakaribishwa," likajibu koo la Kidoti, kwa sauti iliyopoa, isiyo ya mtoto wala ya mgonjwa. "Aliniwekea mkono akasema nichukue. Mashine yake ina joto, mimi nalihamisha. Si alitaka itulie? Kwani nimekosa nini?"

Mama Kidoti akajiziba mdomo kwa khanga. Baba mtu akalia waziwazi, mwanamume mzima, akakiri mbele yao maneno aliyoyasema.

"Nichomoe waya, shangazi? Nilivunje?"

"Thubutu! Ukilizima ghafla, joto lote litabaki lilipo, na wewe unajua lilipo. Ulilipandisha vipi?"

"Hatua kwa hatua."

"Basi lishushe hivyo hivyo, mpaka pale ulipolikuta. Mgeni uliyemkaribisha humtupi dirishani, unamsindikiza mpaka nje. Ukimwacha kizingitini, mwanangu, huyo hajatoka. Ukimaliza, uyafute maneno yako kwa mdomo wako."

Baba Kidoti akakaa mezani. Sinema ya hospitali ilikuwa inajikamilisha nyuma ya madirisha mengine ya skrini, imebaki kipande kidogo, na kampuni walikuwa waje kuichukua asubuhi. Akashusha hatua ya kwanza. Feni ikakohoa, ikazunguka. Kipimo kikapanda kidogo, na kutoka chumbani shangazi akaita kwa sauti ya chini, "Anatokwa jasho. Endelea." Akashusha nyingine, na nyingine, sanduku likaanza kuvuma na kutoa joto lake halali, ile harufu ikapita sebuleni ikaelekea mlangoni, taa ikafifia ikarudi, na kila aliposhusha alisikia pumzi za mwanawe zikipungua kasi, hadi akamsikia akiomba maji kwa sauti yake mwenyewe, na mama yake akicheka na kulia kwa pamoja.

Ikabaki hatua moja.

Baba Kidoti akaitazama ile sinema. Kwa kasi ya kiwandani isingewahi asubuhi. Kwa hatua hii moja ingewahi, tena chupuchupu. Mtoto ameshapoa. Anakunywa maji. Hatua moja ni nini? Kesho mchana, wakishaichukua, ataimalizia.

"Tayari?" shangazi akauliza kutoka chumbani.

"Tayari."

"Na maneno umeyafuta?"

"Nimeyafuta."

Shangazi akajifunga khanga yake akaaga.

Kazi akaipata. Meza yake ofisini ilikuwa karibu na dirisha, na watu walimsifia ile hospitali. Kesho ile ya kumalizia ikawa kesho nyingine, kama kesho zote. Kidoti akarudi shule, akanenepa, akawa mtoto mtulivu, mtulivu mno, asiyekimbia wala kugombana na mtu. Mama yake ndiye aliyempima siku aliponyeshewa na mvua akarudi anatiririka maji. Thelathini na saba. Akampima ametoka kucheza juani. Thelathini na saba. Akampima amelala, kipimajoto hakikusogea, naye akakileta sebuleni akakiweka mbele ya mumewe.

Baba Kidoti akajua. Akakivuta kiti, akaiwasha kompyuta, akaifungua mipangilio. Feni ilikuwa kimya. Akaweka kidole kwenye ile hatua moja iliyobaki, na mdomo wake tayari umefunguka kuyafuta yale maneno, akasikia sauti ya binti yake upande wa pili wa ukuta, karibu kabisa, kana kwamba ameweka shavu pale.

"Baba, acha," Kidoti akasema, kwa upole. "Hapa tumeshatulia."